Mpango wa Mukuru mnao tayari: barua ya wazi kwa Gavana, Bunge la Kaunti na Waziri wa Ardhi na Nyumba

Mheshimiwa Gavana wa Nairobi, waheshimiwa wawakilishi wadi, Mheshimiwa Waziri wa Ardhi na Nyumba,

Salamu kutoka Mukuru. Siwaandikii kuomba kitu kipya. Ninachodai kilikubaliwa na waliokalia viti vyenu Agosti 2017, pale mitaa yetu ya mabanda, Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, ilipotangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa Eneo Maalumu la Mipango. Ulikuwa mwezi wa uchaguzi mkuu, nchi nzima imetega sikio kwenye matokeo, na tangazo lile likapita bila kelele. Lilisema ujenzi mpya usimame kwa miaka miwili, na Kaunti iandae mpango wa eneo zima. Kwetu lilikuwa na maana moja kubwa: kwa mara ya kwanza serikali ilikubali kwa maandishi kwamba Mukuru ni sehemu ya jiji, na kwamba inastahili kupangwa watu wake wakiwa ndani.

Tangazo hilo halikushuka lenyewe kutoka City Hall. Muungano wa Wanavijiji, ambao umekuwa ukipigania mitaa ya mabanda tangu 1996, pamoja na wenzao wa Akiba Mashinani, walikuwa wameshaingia mahakamani na kupita banda kwa banda kuhesabu. Vyuo vikuu vikaletwa, cha Nairobi, Strathmore na hata Berkeley cha kule California, wahadhiri wakitembea na wanafunzi wao kwenye vichochoro vyetu. Hesabu iliyotoka haikuwa na mfano: kaya zaidi ya 100,000 kwenye ekari mia sita na ushei. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi kati yetu ni wapangaji. Lishikeni hilo la wapangaji, nitalirudia.

Kuna takwimu nyingine za utafiti ule ambazo ningependa kila mwakilishi wadi azijue kama anavyojua idadi ya kura zake. Mkazi wa Mukuru alikuwa analipia maji asilimia 172 zaidi kwa kila mita ya ujazo kuliko mkazi wa mtaa wenye bomba la kampuni ya maji. Stima alikuwa anailipia kati ya asilimia 45 na 142 zaidi, na stima yenyewe ni ile ya sambaza, ya kuunganishwa kiholela bila mita, waya umepita juu ya bati, mvua ikinyesha unamwambia mtoto asiguse mlango. Ukijumlisha kodi, maji, stima na huduma nyingine, Mukuru ilikuwa inazungusha takriban shilingi bilioni 7 kwa mwaka.

Bilioni saba, waheshimiwa. Halafu mtu anasimama kwenye mkutano na kusema mitaa ya mabanda haiwezi kuendelezwa kwa kuwa watu wake hawana pesa. Pesa tunatoa kila siku. Tunampa aliyekata bomba usiku na kujiunganishia, tunampa wa sambaza, tunampa landilodi ambaye hatujui kama hata shamba ni lake. Makateli wamefanya biashara pale ambapo serikali ilikataa kupeleka mita. Mahali Kampuni ya Maji ya Nairobi ilipoweka vibanda vya kulipia kwa kadi, mtungi wa lita 20 uliuzwa senti 50. Bei ya mchuuzi mnaijua, na msimu wa uhaba mnaijua zaidi. Kwa hiyo swali la sera lililo mbele yenu ni dogo kuliko linavyofanywa: pesa hizi ambazo maskini wanalipa tayari, ziende wapi?

Nilikuwa miongoni mwa waliohamasisha watu kushiriki, kwa hiyo naweza kuwasimulia kazi ilivyofanyika. Kaya kumi kumi zilikaa pamoja na kumchagua wa kuzisemea, kisha makundi hayo yakaunganishwa hadi kaya mia, na kwenda juu hivyo hivyo. Mashirika zaidi ya arobaini yaligawana mada: afya, elimu, maji na majitaka, ardhi, fedha, mazingira, nyumba. Maafisa wa Kaunti walikaa nasi kwenye viti vya plastiki kanisani. Baadhi yao, nawapa haki yao, walikuja Jumamosi bila gari la serikali.

Mvutano mkubwa ulikuwa upana wa barabara. Ukifuata vipimo vya vitabu vya mipango miji, vile vilivyoandikwa kwa ajili ya mitaa yenye viwanja vya nusu ekari, Mukuru inageuka barabara tupu na watu wanakwisha. Tukabishana siku nyingi. Wenye mabanda walitaka kichochoro kibaki kama kilivyo maana kila futi ni kodi. Akina mama walioshuhudia moto ukiteketeza mistari mizima huku gari la zimamoto likikwama barabarani walisema futi ziongezwe, hata kama ni banda la nani. Wapangaji waliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu la haraka: barabara ikija, kodi itapanda hadi wapi? Mwishowe kukapatikana utaratibu ambao mhandisi wa kawaida asingeufikiria akiwa ofisini: barabara chache za magari, nyingine za watu kwa miguu, na majitaka yapite kwa mfumo mwepesi, mabomba membamba yaliyolazwa kina kifupi kwenye vichochoro, yasiyohitaji kubomoa nusu ya mtaa ndipo yapite. Mfumo huo ulijaribiwa Kwa Reuben na ukafanya kazi.

Nataja haya kwa kirefu kwa sababu siku hizi kila afisa anasema “tulishirikisha umma.” Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai hivyo, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimu Bunge la Kaunti. Lakini kote nchini tunajua kikao cha maoni kinavyokuwa: tangazo la Kiingereza gazetini, ukumbi ulio mbali, Jumanne saa nne asubuhi wakati kibarua yuko kwenye geti la kiwanda, nyaraka ya kurasa mia tatu unayoonyeshwa asubuhi hiyo hiyo, na karatasi ya kusaini ili upate soda. Mukuru ilionyesha kwamba kushirikisha watu laki kadhaa kunawezekana, ndani ya Nairobi hii, kwa bajeti ya kawaida tu. Mkiamua kusahau jinsi ilivyofanyika, mjue mnasahau kitu ambacho miji mingine ilikuja hapa kujifunza.

Kisha nini kikafuata? Machi 2020 Idara ya Huduma za Jiji, ile NMS ya Jenerali Badi, ilichukua kazi nyingi za Kaunti. Sitasema haikufanya kitu. Ilileta barabara, visima na hospitali, na baadhi ya kazi hizo zilitoka moja kwa moja kwenye mpango wetu. Lakini ilikuja kwa mwendo wa amri, na amri haina kikao. Septemba 2022 muda wake ukaisha, funguo zikarudi Kaunti, na wengi waliokuwa wanajua mpango uko wapi wakahamishwa.

Katikati ya hapo kuna Oktoba 2021. Matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na kwa makadirio ya mashirika ya haki za binadamu watu wapatao 40,000 walibaki bila makao. Watu walilala kwenye mahema juu ya vifusi vya vyumba vyao hadi Krismasi, na mwishoni mwa Desemba kukawa na makabiliano na polisi na risasi zikauwa. Eneo hilo, waheshimiwa, ni lile lile lililotangazwa kwenye Gazeti Rasmi kuwa linapangwa pamoja na wakazi wake. Mwaka huo huo, mwezi Januari, Mahakama ya Juu ilikuwa imetoa hukumu katika kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson waliobomolewa 2011. Majaji walisema wazi kwamba haki ya makao iliyo katika Kifungu cha 43 cha Katiba inawalinda hata walio kwenye ardhi ya umma bila hati. Sheria ya Ardhi nayo, kwa marekebisho ya 2016, inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu, maafisa wajitambulishe, na utu wake uheshimiwe. Haya si maoni ya wanaharakati. Ni sheria mliyoapa kuilinda.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalirudisha matingatinga, safari hii kwa jina la kutuokoa. Mto Ngong ulipanda na kuzoa watu na vitu, na hakuna mkazi mwenye akili atakayewaambia kwamba kulala mita mbili kutoka kwenye maji yale ni haki ya kupiganiwa. Tulichopinga ni namna. Amri ya kuhama kwa saa chache, ahadi ya shilingi 10,000 kwa kaya, kisha banda linavunjwa huku mvua ikinyesha na hakuna aliyeonyeshwa pa kwenda. Na ukingo wenyewe, sehemu ya kando ya mto isiyoruhusiwa kujengwa, hauna kipimo kimoja: kanuni zinataja kati ya mita 6 na mita 30, kwa hiyo mwenye tingatinga anachagua. Mbona kipimo kirefu huja kwa mabati, na kifupi kwa ghala la mawe lililo ng'ambo ya mto ule ule? Sasa kuna mradi wa kufufua Mto Nairobi wa shilingi bilioni 50, uliozinduliwa Machi 2025. Tunautaka mto safi kuliko nyinyi, maana sisi ndio tunaonusa. Anzeni basi kwa kutangaza mstari mmoja wa ukingo, uchorwe kwenye ramani, ubandikwe kwa chifu, na uwahusu wote.

Kuhusu ardhi nitasema kidogo, ingawa ndiyo mzizi. Sehemu kubwa ya Mukuru iligawiwa watu na kampuni katika miaka ya 1980 na 1990, hati za miaka 99, kwa sharti kwamba wajenge viwanda vidogo ndani ya miaka miwili. Hawakujenga. Hati nyingine zikawekwa rehani benki. Leo mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa anaitwa mmiliki, na aliyezaa na kuzika hapa anaitwa mvamizi. Mheshimiwa Waziri, sharti lililovunjwa liko kwenye hati iliyo kwenye kabati la wizara yako. Lisomwe.

Sasa nyumba za bei nafuu. Mei 2025 Rais alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza kwenye mradi wa Mukuru, kati ya 13,248 zinazokusudiwa. Baadhi ya wenzangu kwenye harakati wanapinga maghorofa yale moja kwa moja. Mimi siko upande huo. Nimemwona jirani aliyepata funguo, na choo cha ndani si jambo la kudharauliwa na mtu ambaye hajawahi kupanga foleni ya choo cha shilingi kumi alfajiri. Lakini fanyeni hesabu nami. Nyumba 13,248, kaya zaidi ya 100,000. Zikijaa zote kesho, na zote zikienda kwa watu wa Mukuru peke yao, bado takriban kaya tisa kati ya kumi zitabaki palepale kwenye mabati. Chumba kidogo kabisa kimepangiwa bei ya shilingi 640,000. Mama anayeuza mboga kwenye reli, ambaye siku nyingine hafungui kabisa, atalipa kila mwezi kwa miaka mingapi kabla hajakosa mwezi mmoja? Na kibarua wa viwanda vya Enterprise Road mwenye hati ya mshahara anakatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba tangu Sheria ya 2024, apate nyumba asipate.

Ghorofa ni sehemu ya jibu kwa watu wachache. Jibu la waliobaki lilishaandikwa: maji, majitaka, njia za kupitisha zimamoto, mita za stima, na usalama wa kukaa pale tulipo. Lina gharama ndogo kuliko kubomoa na kujenga upya, na halimhamishi mtoto shule katikati ya muhula.

Mheshimiwa Gavana, najua Kaunti ikiamua inaweza. Watoto wetu wanakula Dishi na County, chakula cha shuleni cha Kaunti, kwa shilingi tano, na wale waliosema haitafika wiki ya pili walinyamaza. Mpango ule ulikuwa na bajeti, jiko na tarehe. Mpango wa Mukuru nao unahitaji hivyo: fungu la bajeti lenye jina lake.

Hapo ndipo nawageukia wawakilishi wadi. Siasa za jiji tumezoea kuzifanyia barabarani, na tutaendelea, maana pasipo barabara hakuna aliyetusikiliza. Lakini tumejifunza pia kalenda yenu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika Bungeni kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Mtu akija kulia Juni amechelewa, na kuna wanaopenda tuje Juni. Vijana wa kwetu sasa wanazisoma nyaraka hizo, wanatafuta neno “Mukuru” ukurasa kwa ukurasa, na wanaandika kando yake ni nani aliahidi na ni kiasi gani. Uchaguzi wa 2027 hauko mbali.

Tunachotaka kwenye taarifa ya mkakati wa fedha inayofuata ni fungu linalosomeka wazi kwa jina la Eneo Maalumu la Mipango la Mukuru, likigawanywa kwa wadi za Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, na si kufichwa ndani ya “uboreshaji wa makazi.” Mfumo mwepesi wa majitaka upanuliwe kutoka palipojaribiwa hadi maeneo yote matatu, na vibanda vya maji vya kadi vifuate bomba hilo. Mpango wenyewe uwekwe mahali ambapo mkazi anaweza kuusoma, kwa Kiswahili, pamoja na ramani, bila kupiga hodi kwa afisa. Na kuanzia sasa ubomoaji wowote ndani ya mipaka iliyotangazwa usubiri notisi ya kisheria na orodha ya watakaohama na wanapokwenda, iwe ni Kaunti inayobomoa au ni serikali kuu. Msituambie tena kwamba tingatinga ni la ofisi nyingine. Tunapolala nje hatuulizi limetoka bohari gani.

Halafu wapangaji. Kila mradi unaopita kwenye mtaa wa mabanda huwakuta wenye mabanda wamejipanga, wana chama, wana wakili. Mpangaji anaondoka na godoro kichwani na jina lake haliko popote. Tunataka daftari la wapangaji, litunzwe na wakazi pamoja na Kaunti, ili fidia, zamu ya nyumba au nafasi ya muda ikitolewa isiishie kwa mtu anayeishi Ruaka. Tunajua wapo watakaojiandikisha mara mbili na wapo watakaouza nafasi. Tulilikuta hilo tulipohesabu, na dawa yake ilikuwa majirani wenyewe: kaya kumi zinajuana, na mbele ya kumi hizo uongo hauendi mbali.

Mwisho, kikao. Kabla ya Februari 28 tunawaalika mje Mukuru, Gavana, wenyeviti wa kamati za bajeti na mipango, na afisa wa wizara mwenye mamlaka ya kujibu. Iwe Jumapili alasiri, watu wakiwa wametoka ibadani na hawako kazini. Tangazo litoke wiki mbili kabla, kwa Kiswahili, kwenye kuta za maduka, misikitini, makanisani na redio za mtaani, likitaja kiasi cha pesa kinachojadiliwa. Uwanja tutautafuta sisi, na viti pia. Njooni na nyaraka za bajeti, sisi tutaleta orodha yetu ya ahadi na tarehe zake, tuzilinganishe mstari kwa mstari.

Wenu,
Mpangaji na mhamasishaji,
Mukuru kwa Reuben, Nairobi